Mwaka Mmoja Tabora



Kikao cha halmashauri kilichopita kilimalizika kwa kelele, na wasiokuwapo wamekwisha pata khabari zake, kila mtu kwa namna alivyosimuliwa. Jambo lenyewe ni hili. Imetufikia barua ya kuomba chama kimpokee mwanafunzi mmoja wa sayansi, afanye kazi nasi mwaka mzima katika uanikaji na upimaji wa karafuu, naye apewe posho ya chakula na nauli kutoka mfuko wa chama. Wengi walisema wiki nane zatosha, kwani ndizo zinazotakiwa na vyuo vyetu vingi, na tena fedha ya ada si ya kulishia watoto wa chuo. Mimi niliandika kumbukumbu nikanyamaza, maana kazi ya katibu kikaoni ni kalamu. Katika ukurasa huu nina ruhusa ya kusema yangu.

Yuko kijana wa mwanachama mwenzetu mmoja, mzee wa upande wa Wete, ambaye anasoma kemia katika chuo kikuu huko bara. Mwaka juzi aliomba ruhusa ya kuahirisha masomo, akaenda Tabora kufanya kazi mwaka mmoja katika karakana inayosafisha na kufungasha asali. Baba yake alikuja afisini kwangu na hamaki. "Mwanangu Katibu," aliniambia, "nimeuza karafuu misimu mitatu kumsomesha, leo ananiambia anakwenda kuosha mapipa kwa Wanyamwezi!" Nikamjibu, "Ami, njia ya Tabora si ngeni kwetu."

Wala si ngeni. Burton na Speke walipofika pale mwaka 1857, mji ukiitwa Kazeh, waliwakuta Waarabu wa Unguja wamekwisha jenga na kulima bustani. Hamed bin Muhammed, yule Tippu Tip, alizaliwa Unguja na baba yake alifanya makazi huko Tabora. Lakini yeye mwenyewe hakuanza na msafara mkubwa, alianza utotoni na biashara ndogo ya sandarusi pamoja na jamaa zake. Njia hiyo ilipitisha pembe, na ilipitisha watumwa pia, na wengine wao jasho lao lilimwagika chini ya mikarafuu hii hii tunayoirithi. Haifai kuitaja njia na kulificha hilo. Ninachokitaka kwake ni jambo moja tu. Kutoka Bagamoyo hata Tabora ilikuwa mwendo wa kama miezi mitatu kwa miguu, na kijana wa Kinyamwezi aliyekuwa hajaiona pwani alihesabiwa bado mtoto. Alikwenda, akabeba, akarudi, akaenda tena. Kirangozi, yule wa kutangulia mbele ya msafara, alichaguliwa miongoni mwa waliokwisha pita njia ile wakajua maji yako wapi. Hapana aliyeujua ukirangozi kwa wiki nane.

Reli iliyofika Tabora mwaka 1912 ilimaliza kazi ya miguu, na kijana wetu naye alikwenda kwa gari ya moshi. Alifika mwezi wa Februari. Sasa tazameni hesabu yake. Tabora asali huvunwa kwa misimu miwili: ule mkubwa baada ya mvua kwisha, katikati ya mwaka, na ule mdogo kuelekea mvua za mwisho wa mwaka. Basi Februari na Machi, yaani zile wiki nane zinazosifiwa, alikuta ghala tupu. Aliosha mapipa, akabandika karatasi za majina juu ya chupa, akachemsha chai ya wakubwa. Hakulipwa hata senti. Kodi ya chumba ililetwa na baba yake, na chakula cha usiku alipewa na mama mwenye nyumba kwa huruma tu. Karakana hiyo siitaji, lakini nasema wazi kwamba kumtumikisha mtoto wa watu mwaka mzima bila posho ni dhuluma, na chama chetu kikifanya hivyo mimi sitaiandika barua ya kumpokea mtu.

Alinisimulia haya mwenyewe, tumekaa barazani mbele ya afisi, na hapo ndipo nilipotia sikio. Msimu mkubwa ulipofika alikabidhiwa kipimo cha maji ya asali, kile kijidude ambacho hutiwa tone moja kisha mtu huchungulia kwenye mwanga. Kanuni ya biashara ya kimataifa hairuhusu maji yazidi asilimia 20, kwani yakizidi asali huchacha ndani ya pipa. Msimu ule mapipa yote yalikuwa salama, naye akajiona fundi.

Ulipokuja msimu mdogo, mapipa ya upande mmoja wa porini yakasoma 22 na 23. Wakubwa wakasema mara moja: hao wametia maji, tusinunue tena kwao. Kijana akaomba apande gari linalokwenda kuchukua asali, akalala kambini siku mbili na warina. Hakuona mtu akitia maji. Aliona masega yanatolewa mzingani kabla nyuki hawajamaliza kuyafunika kwa nta, na sega lisilofunikwa asali yake bado ina maji mengi. Akauliza kwa adabu, "Wazee wangu, mbona hamngoji?" Wakamjibu kwamba mwezi wa Januari skuli zinafunguliwa na watoto wanataka sare na madaftari, na tena mzinga ukiachwa ujae sawasawa, mwizi hutangulia. Aliporudi aliwaeleza wakubwa wake, wakakubali kutoa sehemu ya bei mapema ili wale wazee wangoje siku kumi zaidi. Mapipa yaliyofuata yakasoma 18 na 19.

Kipimo kilimwambia asali ina maji. Sababu yake aliambiwa na wazee wa msituni, na wasingemwambia mgeni wa wiki nane. Walimwambia kijana waliyekwisha mzoea tangu msimu uliotangulia.

Niliposikia habari hii nilicheka, kisha nikaacha kucheka, maana ilikuwa ni sisi tunaosemwa. Nani kati yetu hajaiangua karafuu changa kwa kumhofia mwizi wa usiku? Nani hajaitia guniani ingali na ubichi kwa sababu wingu limetanda na ada ya skuli imefika? Karafuu kavu haitakiwi izidi asilimia 12 ya maji, na sisi twaipima kwa kuivunja kidoleni. Ikishushwa daraja kituoni twarudi nyumbani kumlaumu karani. Karafuu nzuri ina mafuta asilimia 15 na zaidi kwa uzito wake; lakini ni shamba lipi letu linalotoa zaidi, na likianguliwa lini, hapana mwanachama awezaye kusema, na mimi katibu wenu simo.

Mkarafuu nao hauifuati kalenda ya chuo. Mwaka mmoja unatoa hata majamvi hayatoshi, mwaka wa pili unanyima. Daktari wa nchi hii, baada ya miaka yote ya darasani, hufanya kazi mwaka mzima chini ya wakubwa wake kabla hajaachiwa mgonjwa peke yake, na Uingereza vyuo vingi huweka mwaka wa kazi katikati ya masomo ya sayansi. Hawakuuchagua mwaka kwa kupenda kungoja.

Mzee mmoja kikaoni alisema, na neno lake lina uzito, kwamba tukimfundisha atatukimbia. Yawezekana. Kijana wetu wa Tabora naye amerudi chuoni, na sijui kama Pemba itamwona tena zaidi ya siku za sikukuu. Lakini wale warina bado wanangoja siku zao kumi, naye hayupo.

Rai yangu ni kwamba tumpokee kwa mwaka, tumlipe posho mwezi kwa mwezi, wala asishinde afisini kwangu akipiga muhuri risiti; azunguke na mizani na kipimo matawi yote, jua na mvua, na kila miezi mitatu asome mbele ya wanachama alichokiona. Mkutano mkuu ndio utakaoamua. Mwenye chumba cha kumpangisha kwa bei ya kiasi, karibu na njia ya gari, alete khabari afisini mapema.

Katibu