Shubiri moja inatosha

Anayewekewa betri ya moyo, kifaa cha kuongoza mapigo, hurudi nyumbani na kovu dogo chini ya mtulinga, mara nyingi upande wa kushoto. Hapo ndipo mfuko wa shati ulipo. Hapo ndipo akina mama wengi husweka simu, ndani ya sidiria, wasiibiwe kwenye daladala. Simu inashinda juu ya betri kutwa nzima, na mwenyewe hana habari.

Hatusemi haya kumtisha mtu. Betri za siku hizi zimekingwa vizuri dhidi ya mawimbi ya simu. Cha kuangalia zaidi ni sumaku. Simu kadhaa mpya, zikiwamo iPhone nyingi tangu toleo la 12 la mwaka 2020, zina sumaku za kushikia chaja. Sumaku ikikaa juu ya betri, kifaa kinaweza kuacha kuufuata moyo na kupiga kwa kasi ile ile tu. Ikikaa juu ya kifaa cha kushtua moyo, kinaweza kushindwa kushtua saa ya hatari.

Kinga yake haina gharama. Mwaka 2021 mamlaka ya dawa ya Marekani ilishauri simu iwe mbali na kifaa kwa sentimita 15 au zaidi. Shubiri ya mtu mzima inapita hapo. Basi simu ikae mkobani au mfuko wa suruali, isikilizwe kwa sikio la upande usio na betri, na usiku isilale kifuani.

Wodini kuna pampu za dripu na mashine za kupumulia, nazo huweza kuvurugwa na mawimbi ya karibu. Huko redio ya upepo ya mlinzi ina nguvu kuliko simu, hivyo asiiongelee kando ya kitanda, atoke kwanza.

Mabango ya "Zima simu" yamechoka. Nani atayatii, ikiwa ndugu wa mgonjwa anatafuta damu kwa simu hiyo hiyo? Hospitali ziandike kinachofuatika: simu isiwekwe juu ya mashine wala kitandani kwa mgonjwa, na mahali pa kuongelea ni hapa.

Na siku ya kumruhusu mwenye betri, nesi asimpe karatasi tu. Amshike mkono, auweke juu ya kovu, avitanue vidole vyake na kumwambia: mama, simu isivuke hapa.