Staa wa Moshono na "Mwili wa Miaka 22": Dripu Inarudisha Ujana Kweli?

Haya wadau, stori ya mjini ni dada mmoja maarufu wa Moshono, jina kapuni. Katupia picha akiwa na dripu mkononi, chini kaandika: cheti kinasema 34, mwili unasema 22! Mashabiki badala ya kuuliza kama ni kweli, wanaulizana bei.

Ukweli usemwe. Umri wa mwili unapimika, si uchawi. Mwaka 2013 mwanasayansi Steve Horvath alitoa kipimo kinachosoma alama zilizojibandika kwenye DNA na kukadiria umri. Ila vipimo havisemi kitu kimoja. Huko Marekani watu walipunguza chakula kwa miaka miwili mizima. Majibu yakatoka 2023: kipimo kimoja kikaonyesha kasi ya kuzeeka imepungua kwa asilimia 2 hadi 3, vingine viwili havikuona mabadiliko. Miaka miwili ya kujinyima inaleta hicho, halafu dripu ya nusu saa ifute miaka 12? Thubutu!

Habari nzuri ipo jirani tu, Moshi. Watafiti wa KCMC na wenzao wa Radboud, Uholanzi, waliwachukua wanaume 77 wa kaskazini mwa Tanzania. Wa kijijini waliolishwa misosi ya kisasa kwa wiki mbili, damu yao ikaonyesha inflamesheni imepanda, yaani mwili unawaka ndani kwa ndani kama una kidonda. Wa mjini waliorudi kwenye vyakula vya asili, ikashuka. Hata waliokunywa mbege kwa wiki moja ilishuka (walevi msishangilie, haikuwa ruhusa ya kulewa). Majibu yalitoka 2025. Hawakupima umri wa mwili, lakini inflamesheni ya muda mrefu ndiyo inayotembea na uzee na magonjwa ya moyo.

Staa hela ni zake, azitumie atakavyo. Anayeumia ni binti wa saluni anayekopa kausha damu ili naye achomwe dripu, kisha usiku anakula chipsi na soda, wakati kwa bibi yake loshoro na maharage vipo, tena bure.

Wadau, dripu au loshoro? Na huyo dada, 22 hiyo alipimwa kwa kipimo gani? Tiririkeni hapo chini, matusi hapana.