Ndege za Umeme: Pemba Isibaki Abiria

Mwezi Mei 2020, katika mji wa Moses Lake nchini Marekani, ndege ya aina ya Cessna Caravan iliruka kwa mota ya umeme badala ya injini ya mafuta, ikakaa angani dakika 30. Ndege za aina hiyo wananchi wa Pemba wanazijua, kwani hutua katika uwanja wetu wa Chake Chake. Dakika 30 nazo ni takriban muda wa safari ya kutoka Unguja. Habari hii basi haiwahusu Wamarekani peke yao.

Umeme umekwisha kushika kazi hata katika ndege kubwa. Katika ndege nyingi, hewa ya moto huchotwa kwenye injini ili abiria wapate kupumua na mabawa yasigande barafu. Katika Boeing 787, ambayo Shirika la Ndege la Tanzania lilipokea ya kwanza Julai 2018, kazi hizo hufanywa kwa umeme, hata breki.

Lakini mafanikio hayo yalikuwa na misukosuko. Januari 2013 betri ya ndege moja ilishika moto mjini Boston. Nyingine ikatoa moshi na ndege ikalazimika kutua Japani. Ndege zote za aina hiyo duniani zilizuiwa kuruka kwa miezi mitatu hivi. Betri ilitengenezwa Japani, ndege ikaundwa Marekani. Uchunguzi ukawalazimu wataalamu wa pande zote kushirikiana. Ulaya nayo ilikwisha kuunganisha viwanda na vyuo vikuu katika mpango wa Clean Sky, ulioanzishwa mwaka 2008.

Je, sisi tuna nini cha kuchangia? Kwa uzito ule ule, mafuta hubeba nishati zaidi ya mara 30 ya betri. Ndiyo maana ndege za umeme hazina budi kuanzia safari fupi, na safari zetu ni fupi. Tena tuna joto linalochosha betri na chumvi ya bahari inayokula viungo vya umeme. Mtafiti anayetaka kuyapima hayo atayakuta hapa.

Wapo watakaosema kwamba Pemba ina shida zilizo kubwa zaidi. Ni kweli, hata umeme wa gridi tuliupata mwaka 2010 tu, kwa kebo ya chini ya bahari kutoka Tanga, baada ya miaka mingi ya majenereta ya dizeli. Lakini hatudai kununua ndege. Tunadai Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, Taasisi ya Karume na Chuo cha Taifa cha Usafirishaji viombe nafasi katika utafiti huo, na vianze kukadiria mzigo ambao ndege hizo zitauweka juu ya kebo yetu.

Walimu wa fizikia nao wana wajibu wa kuwaeleza vijana mambo haya sasa. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Tusingoje ndege hizo zitue Chake Chake ndipo tuanze kutafuta fundi wa kuzitengeneza.