Mkono wa Mzee Upimwe

Tangu mwezi wa nane 2018 hata mwezi wa sita 2020, siku za Ebola, sisi watu wa Butembo na Beni tulizoea kupimwa. Kwenye vizuizi vya njia tulinawa mikono, tukasimama, tukaelekezewa kipima-joto usoni. Wengine walinung'unika, lakini walipimwa, ingawa hawakuwa na homa. Basi nauliza: mbona baba mwenye miaka 60 akiambiwa, "Lete mkono tupime damu," hujibu, "Mimi siumwi"?

Maumivu si shahidi mwema hapa. Damu ikisukumwa kwa nguvu mno, mara nyingi mwili hausemi kitu. Mishipa itokayo moyoni, kwa kijana, ni laini, hutanuka na kurudi. Kwa mzee hukakamaa kama mpira wa maji uliokaa juani miaka mingi, ndipo hesabu ya juu hupanda. Siku moja mshipa wa ubongo huziba au kupasuka. Mzee anaamka mdomo umepinda, mkono umelegea, na jamaa wanaanza kutafuta ni nani aliyemtia sumu. Nasema wazi: kabla ya kumtaja jirani, ulizeni mzee alipimwa lini.

Huko mbali wako wanganga wanaochungua zaidi. Mwaka 1992 wanganga wa London walionyesha njia hii: hufunga mkono kwa kitambaa cha hewa dakika chache, damu isipite, kisha hufungua ghafula na kutazama mshipa kwa ekografi. Mshipa mzima hutanuka kuipokea damu inayorudi. Uliochakaa hutanuka kidogo. Ni jambo la kupendeza, lakini ni kazi ya utafiti hasa, wala tusikae tukiingojea. Kitambaa cha hewa tunacho. Riva-Rocci wa Italia alikitumia tangu 1896, na mwaka 1905 Korotkoff wa Urusi alifundisha kusikiliza mshipa wa mkono. Chatosha, kikitumiwa vizuri.

Lakini mara nyingi hakitumiwi vizuri. Mama amepanda kilima, anaingia akihema, anafungwa kitambaa juu ya triko (Butembo ni baridi, sikatai), na huku anaeleza habari za wajukuu. Hesabu hiyo ni ya kilima na ya maneno. Akae kwanza dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono wazi juu ya meza, usawa wa moyo, kinywa kimefungwa. Kahawa yetu ni njema, ila si katika nusu saa ya kabla ya kupimwa.

Tena, mara ya kwanza ombeni mikono yote miwili ipimwe. Ni wachache wanaoomba. Ikiwa mkono mmoja ni 150 na wa pili 130, na ikirudiwa ni vile vile, yamkini mshipa wa ule wenye hesabu ndogo umekuwa mwembamba, daktari aelezwe. Tangu siku hiyo mtapimwa katika mkono wenye hesabu kubwa.

Mkiona karatasini 14/9, ndiyo 140 na 90. Ikifika hapo au kupita, kwa siku zaidi ya moja, zungumzeni na munganga juu ya vidonge, na nyumbani juu ya chumvi. Makayabo ni matamu, lakini yamejaa chumvi; yaloweshwe, maji yamwagwe, wala yasiwe chakula cha kila siku. Na usiache vidonge kwa kuwa unajisikia vizuri, maana hata kabla ya kuvipata ulijisikia vizuri.

Maoni yangu ni haya: kanisa lenye wazee na muuguzi mmoja liwapime mara moja kwa mwezi baada ya ibada, wakiwa wamekwisha kupumzika. Hesabu iandikwe katika daftari la mzee mwenyewe, pamoja na tarehe na mkono uliopimwa, wa kuume au wa kushoto.