Mama zetu hawajakataa shule

Tumechoka kusikia eti wazazi wakimbizi hawajali masomo. Nani kasema? Siku ya mkutano wa wazazi mama anaacha biashara yake, anakuja, anakaa nyuma. Mkutano wote ni Kinyarwanda. Yeye katoka Uvira juzi tu, anashika neno moja moja. Akirudi tunamuuliza: walisema nini? "Walisema mengi."

Ujumbe wa simu nao unakuja kwa Kiingereza, tunausoma sisi watoto. Yaani mtoto wa darasa la nne ndiye amwambie mama kwamba yeye mwenyewe hafanyi kazi za nyumbani! Mnategemea atasema ukweli?

Na Kiswahili si lugha ya wageni hapa. Tangu 2017 ni lugha rasmi ya Rwanda, na Nyamirambo kinasikika kila kona. Hatuombi jengo wala mradi. Tunaomba dakika kumi za tafsiri, na ujumbe uje kwa Kiswahili pia. Sisi vijana tutatafsiri bure, walimu watuite tu.

Nanyi ndugu zetu wa mashirika, kabla ya kuandika kwenye ripoti "wazazi hawashiriki", ulizeni kwanza: mkutano ulikuwa kwa lugha gani?