Sauti Iliyotoka Katika Lelemama



Vijana wengi wa Kibiti na Rufiji hulifahamu jina la Bibi Titi Mohamed kwa sababu ni jina la barabara jijini Dar es Salaam. Wachache wameambiwa kwamba mama huyo alikuwa mwimbaji kabla ya kuwa mwanasiasa, na kwamba aliwahi kuwa mbunge wao.

Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926. Baba yake alichelea kumpeleka shule, asije akatolewa katika dini. Alipofariki ndipo mama akampeleka. Lakini umahiri uliomtangaza aliupata katika Bomba, kundi la lelemama ambalo yeye alikuwa mwimbaji wake kiongozi. Wapo wanaoitazama ngoma kwa jicho la shaka, na suala hilo lina wanazuoni wake. Sisi tunatazama alichojifunza humo: kusimama mbele ya watu bila kutetereka, kupanga maneno yakaingia moyoni, na kuwaita wanawake wakaitika.

TANU ilipomtaka mwaka 1955 awaongoze wanawake, aliviendea vikundi vya ngoma. Humo tayari walikuwamo viongozi, michango na mazoea ya kufaana harusini na misibani. Katika miezi michache maelfu ya wanawake walijiandikisha, wengi wao wakiwa hawajapata kukaa darasani.

Baada ya uhuru alikuwa waziri mdogo. Mwaka 1965 wapiga kura wa Rufiji, ambayo wakati huo ilijumuisha Kibiti na delta, walimpa mwingine kiti chake. Mwaka 1969 alikamatwa kwa tuhuma za uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha, na mwaka 1972 akaachiwa huru. Alifariki mwaka 2000.

Wazazi wenzetu, kipaji ni amana. Binti aliyejaaliwa sauti na ufasaha tusimnyamazishe, wala tusiiachie mitaa imlee. Tumwelekeze katika kheri. Na wale bibi zetu wa Nyamisati, Ikwiriri na Kibiti wanaozikumbuka nyimbo na mikutano ya zama zile, tuketi nao mwezi huu, tuwaulize, tuandike. Umri wao hautusubiri.

Mwenyezi Mungu amrehemu Bibi Titi, amsamehe makosa yake na atujaalie kuzitunza amana zetu. Amin.