Mwenye Tabard hakuwa mjinga

Wanaosoma fasihi ya Kiingereza hapa kitivoni wanaijua Tabard, nyumba ya wageni na pombe iliyokuwa Southwark, ng'ambo ya mto Thames, ambako mahujaji wa Chaucer wanakutana kabla ya kwenda Canterbury. Wachache wanajua kwamba Harry Bailly, mwenyeji wao, hakutungwa tu. Henry Bailly aliishi kweli, akiwa na nyumba ya wageni Southwark, tena alikuwa mbunge wa hapo katika miaka ya 1370. Hati za kodi zinamwita mkewe Christian. Chaucer amempa jina jingine, pamoja na ukali wa kumtisha mume. Sidhani mama huyo angefurahi.

Ninayetaka kumtetea ni mwenye nyumba mwingine, wa baadaye. Mwaka 1676 moto uliteketeza sehemu kubwa ya Southwark, Tabard ikiwamo. Ilipojengwa upya iliitwa Talbot. Tabard ni vazi lisilo na mikono, la wapiga mbiu wa mfalme. Talbot ni mbwa wa kuwinda. John Aubrey, mkusanyaji wa mambo ya kale, aliandika kwamba aliyebadilisha kibao alikuwa mjinga, na neno hilo limerudiwa sana.

Mjinga kwa lipi? Kibao kilikuwa picha, maana wanywaji wengi hawakujua kusoma. Karne tatu baada ya Chaucer vazi lile lilikuwa limetoweka mitaani, likabaki kwenye sherehe za kifalme, na jina lake likawa sauti isiyo na kitu. Sikio linapokosa maana hushika neno la jirani: silabi mbili, mkazo kwenye ya kwanza, t mwanzoni, b katikati. Darasani tunaliita hilo badiliko la kawaida la lugha. Kwa mwenye baa linaitwa ujinga! Na "kosa" lake lilidumu karibu miaka 200, mpaka jengo likabomolewa katika miaka ya 1870.

Hukumu ya Aubrey tunaitoa sisi pia, hapa Lubumbashi. Mama sokoni akisema bintu, mwanafunzi wa Kiswahili bora anacheka na kumsahihisha: vitu. Lakini Kiluba kinasema bintu, na wataalamu wa Kibantu wanakubaliana kwamba bi- ndiyo ya zamani zaidi. Ningependa kujua ni wangapi kati yetu waliwahi kumwuliza mama huyo lolote, mbali na bei.